Ubongo mdogo wa kisogoni: ugomvi wa Stockholm na domodomo wa Ziwa Rukwa

Desemba 1906 mabwana wawili, Mtaliano na Mhispania, waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mjini Stockholm ilhali hawapikiki chungu kimoja. Walichogombania hakionekani bila hadubini, na ushahidi mzito uliowasha ugomvi huo ulitoka katika ubongo mdogo, ile sehemu iliyojibanza kisogoni chini ya ubongo mkubwa. Habari hii ningewaachia Wazungu wenyewe kama si samaki mmoja. Ukitafuta mnyama ambaye ubongo mdogo umemkua hadi kufunika ubongo wake wote, utamkuta katika ukoo wa Mormyridae, ukoo usiopatikana nje ya Afrika. Mmoja wao, Mormyrus longirostris, anaishi Ziwa Rukwa, takriban mita 1,000 chini ya Sumbawanga. Wavuvi wengi wa Tanzania huwaita samaki wa jamii hii domodomo, na sokoni domodomo ni mboga tu.

Anayetaka kuuona ubongo mdogo kwa macho yake aende kwa mpishi wa supu ya vichwa vya mbuzi, asimame pale shoka linapopasua fuvu. Mbele kuna bonge lenye mikunjo minene. Nyuma yake, karibu na shingo, kuna kijibonge kingine chenye mikunjo myembamba iliyobanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Kikatwe katikati kwa kisu kikali, ndani yanatokea matawi meupe katika nyama ya kijivu, ambayo wataalamu wa anatomia tangu zamani huyaita mti wa uhai. Kwa binadamu sehemu hii ina uzito wa kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini hesabu zilizotolewa mwaka 2009 na kundi la Mbrazili Suzana Herculano-Houzel ziliweka humo nyuroni bilioni 69 kati ya bilioni 86 za kichwa kizima. Miaka mitano baadaye kundi hilo likapima ubongo wa tembo wa Afrika, wa aina ile ile inayozurura Katavi kwa majirani zetu: nyuroni bilioni 257, na bilioni 251 kati ya hizo zilikuwa kisogoni.

Habari za kale ni fupi. Waganga wa Aleksandria, Misri, waliutofautisha ubongo mdogo na mkubwa karne kadhaa kabla ya Ukristo. Mwaka 1776 Mtaliano Malacarne alitoa kitabu kizima juu yake, akahesabu hadi majani yake. Mwaka 1824 Mfaransa Flourens alieleza jinsi alivyowakata njiwa ubongo mdogo kipande kwa kipande. Njiwa waliendelea kuona, kusikia na kutaka kwenda, ila mwendo ukawa wa mlevi. Mfano huo hauhitaji maelezo kwa mtu wa Ufipa. Anayetoka kilabuni jioni baada ya kimpumu, miguu ameitanua na mkono unakosa kitasa cha mlango, ubongo wake mdogo ndio umeleweshwa. Mwaka 1837 Mcheki Purkyně akaonyesha seli kubwa zilizojipanga humo, na ndizo hadi leo zinazobeba jina lake, seli za Purkinje.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Camillo Golgi, yule Mtaliano, alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wasiopona huko Abbiategrasso, karibu na Milano. Maabara yake ilikuwa jiko lililogeuzwa matumizi. Humo, mwaka 1873, aligundua kwamba kipande cha ubongo kikilowekwa katika dikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya fedha, seli chache zinageuka nyeusi tii na nyingine zote zinabaki bila rangi. Kwa nini zishike hizi na si zile hakuna aliyejua, lakini bahati hiyo ndiyo iliyofanya dawa ifae. Kama zote zingeshika, mtu angeona giza tu. Golgi alipotazama matawi yaliyosukana akahitimisha kwamba nyuzi za neva huungana na kuwa wavu mmoja usiokatika, ubongo mzima ukifanya kazi kwa pamoja.

Mwaka 1887 yule Mhispania, Santiago Ramón y Cajal, mwalimu wa chuo kikuu asiye na fedha wala jina, alionyeshwa vipande vya aina hiyo nyumbani kwa daktari Simarro mjini Madrid. Alirudi Valencia amerukwa na akili. Aliacha hata sataranji aliyoipenda. Aliichovya nyama mara mbili badala ya mara moja. Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa hawakulifikiria: akaacha ubongo wa watu wazima, akachukua ndege wachanga na viinitete, ambao nyuzi zao bado hazijavikwa mafuta yanayozuia dawa. Katika ubongo mdogo wa ndege aliona nyuzi zinazoishia kwa kuizunguka seli ya Purkinje kama vikapu, zinaikumbatia lakini haziingii ndani yake. Kila seli ilikuwa na mipaka yake, na ule wavu hakuuona.

Hakuna jarida kubwa lililokuwa likimngoja, basi akaanzisha lake kwa pesa zake mwenyewe. Toleo la kwanza la Mei 1888 lilichapwa nakala 60, nyingi akawatumia wataalamu wa nje. Wengi hawakusoma Kihispania. Oktoba 1889 alifunga safari hadi Berlin na hadubini yake, kwa Kifaransa cha kubabaisha, akaanza kuwavuta wakubwa mmoja mmoja waje watazame. Aliyekubali kuinama kwenye lenzi ni Kölliker, mzee wa miaka 72 aliyeheshimiwa kuliko wote pale. Alipoinuka alikuwa amebadili upande, na baadaye alijifunza Kihispania ili amsome Cajal. Mwaka 1891 mwanaanatomia Waldeyer akaipa seli ya neva jina la nyuroni, na kwa watu wengi shauri likawa limekwisha.

Kwa Golgi halikwisha. Walipoitwa Stockholm mwaka 1906, yeye alitangulia kuhutubia, tarehe 11 Desemba, na mada yake ilikuwa kuipinga nadharia ya nyuroni, akisema inaelekea kupoteza wafuasi. Cajal alikuwa amekaa akisikiliza. Anaeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alitetemeka kwa kukosa subira huku adabu ikimfunga mdomo, na kwamba majaliwa yalifanya ukatili kuwaunganisha mahasimu kama pacha walioshikana mabega. Kesho yake alisimama akatoa hotuba ya ushahidi tupu. Habari hii nimeitoa zaidi katika kumbukumbu hizo hizo, na humo Golgi hapewi nafasi ya kujitetea. Kwa haki yake niseme hivi: hadubini za elektroni za miaka ya 1950 zilionyesha upenyo kati ya nyuroni na nyuroni, Cajal akashinda. Lakini mwaka 1974 watafiti walithibitisha kwamba katika zeituni, kijibonge cha chini ya ubongo kinachotuma nyuzi zake katika ubongo mdogo, kuna seli zilizounganishwa moja kwa moja na kupitishiana umeme. Si wavu aliousema Golgi, ila kama angekuwa hai angetabasamu kidogo.

Vita Kuu ya Kwanza iliongeza ushahidi wa kutisha juu ya kazi ya ubongo mdogo. Kwetu vita hiyo inakumbukwa kwa Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga, Wajerumani walipolitoroka boma lao Juni 1916. Huko Ufaransa, daktari Gordon Holmes alikuwa akiwapima askari waliopigwa risasi kisogoni, na mwaka 1917 akachapisha aliyoyaona. Walikuwa na nguvu na akili timamu, lakini kidole kilipita pua, na mkono uliozoea kujiendea wenyewe ukahitaji kufikiriwa kila hatua.

Mwaka 1967, ambao sisi tunaukumbuka kwa Azimio la Arusha, ulikuwa wa vichwa. Watafiti Eccles, Ito na Szentágothai walitoa kitabu kilichouchora ubongo mdogo kama mashine ya nyuroni. Phillip Tobias alichapisha vipimo vya fuvu la Zinjanthropus, lililookotwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, lenye ubongo wa sentimita za ujazo 530. Na Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa, aliandika makala juu ya kichwa na kiuno katika fikra za Wafipa: kichwa kikisimamia akili, utu uzima na mamlaka, kiuno nguvu na uzazi, na mgawanyo huo huo ukisomeka katika simulizi za Wafipa juu ya himaya ya kale ya Milansi na ukoo wa watawala walioitwa Watwa. Willis anasomwa vyuoni Ulaya. Sijui ni shule ngapi za Sumbawanga zinamtaja.

Mchoro wa mashine ile ya Eccles na wenzake ni huu. Nyuzi zinazotoka mwilini, machoni na katika ubongo mkubwa huishia kwenye seli punje, ndogo na nyingi kupindukia. Kila seli punje hupandisha uzi hadi juu, uzi ukagawanyika pande mbili na kukatiza matawi ya seli za Purkinje, yaliyotandazwa bapa kama ukuta. Seli moja ya Purkinje hupokea miguso zaidi ya 100,000 ya nyuzi hizo, na uzi mmoja tu unaotambaa kutoka kwenye zeituni. Yenyewe haiamuru lolote litendeke, kazi yake ni kuzuia. Mwingereza David Marr, akiwa na miaka 24, alisema mwaka 1969 kwamba uzi huo mmoja ni mwalimu. Mmarekani James Albus alifuata mwaka 1971, akaongeza kwamba mwalimu huyo hufundisha kwa kudhoofisha miguso iliyokosea. Kwa sehemu kubwa maabara zimemwunga mkono.

Domodomo ndiye aliyesaidia kuonyesha mafunzo hayo yanavyokwenda. Mkiani ana kiungo kinachotoa umeme hafifu, usioweza kumshtua mtu, na kwa umeme huo anatambua kilicho karibu naye katika maji ya tope kama ya Rukwa. Tatizo ni kwamba kila mpigo wake unamfikia mwenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Curtis Bell na wenzake walionyesha kwamba sehemu za ubongo wa samaki hawa, zilizojengwa kwa ramani ile ile ya ubongo mdogo, hujifunza kukisia mpigo unaokuja na kuufuta, kinachobaki ni habari ya nje. Kazi hiyo ina gharama. Mwaka 1996 Göran Nilsson alimpima ndugu wa domodomo, Gnathonemus petersii, akakuta ubongo unatumia asilimia 60 ya oksijeni ya mwili. Wetu hautumii zaidi ya asilimia 20.

Tangu hapo yameandikwa mengi, karibu yote katika maabara za mbali na kwa samaki wa tangini. Kitabu kikubwa cha samaki wa bonde la Rukwa, cha Lothar Seegers, kilichapwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1996. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Ufipa anakariri mstari mmoja, kwamba ubongo mdogo unaweka mwili sawa usianguke, kisha anageuza ukurasa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu kisingizio cha kukosa vifaa vya kuutazama hakitoshi. Nitrati ya fedha na dikromati ya potasiamu ni kemikali za mazoezi ya kawaida ya kemia ya sekondari. Njia ya Golgi inataka nyama ya ubongo ilowe siku chache katika dikromati, siku moja au mbili katika nitrati ya fedha, halafu ikatwe nyembamba kwa wembe. Dikromati ni sumu, mwalimu ahakikishe glavu. Vichwa vya domodomo viombwe kwa wavuvi kabla hawajavikausha, maana nyama ikishaoza dawa haishiki kitu.