Taa ya Mlango, Si Taa ya Hisani

Waingereza wana taa ndani ya gari waliyoipa jina la adabu zao, kwa sababu huwaka yenyewe mlango unapofunguliwa, kama mwenyeji anayempokea mgeni. Mfasiri mwenye haraka huiandika "taa ya hisani". Msomaji wa magazeti yetu, aliyezoea kuona "kwa hisani ya" chini ya picha, atauliza ni nani aliyeifadhili. "Taa ya adabu" ni mbaya zaidi, maana adabu kwetu mtu hutiwa. "Taa ya karibu" inavutia, ila itaeleweka kuwa ni taa isiyo mbali. Jina ninalolitetea ni taa ya mlango, na ushahidi wangu umo kwenye nyaya.

Chukua Peugeot 504, gari lililokuwa likiunganishwa Mombasa na ambalo barabara za magharibi mwa Kenya zinalijua vizuri. Kama ilivyo kwa magari mengi ya zama zake, umeme wa betri hupitia fyuzi na kuisubiri taa wakati wote. Kinachokosekana ni njia ya kurudi. Kwenye nguzo ya mlango kuna kitufe chenye springi. Mlango ukifungwa hukibana, njia ikakatika. Ukifunguliwa, springi hukisukuma nje, waya ukaungana na bodi ya gari, na taa ikawaka. Bodi yenyewe ndiyo waya wa pili. Ndiyo maana Kakamega, mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, balbu nzima inaweza kugoma kwa ajili ya kutu iliyojificha chini ya skrubu moja. Fundi wa jua kali anayelifahamu gari hahangaiki na dari. Hukifungua kitufe na kukipiga msasa. Kitufe kikikwama nje, hasara hugeuka: balbu ya wati 5 kwenye volti 12 hula ampea 0.4 hivi, karibu ampea-saa 5 kwa saa 12, na betri iliyochoka haitawasha injini asubuhi. Kwa hitilafu zote mbili, jina "taa ya mlango" limekwisha kumwonyesha mwanagenzi pa kuanzia. (Waya wa kitufe nao usiitwe "waya hasi": magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye bodi. "Waya wa bodi" ni salama zaidi.)

Kuna atakayesema "taa ya ndani" inatosha, na kwa mazungumzo ya stendi inatosha kweli. Lakini taa za dashibodi nazo zimo ndani, na mchoro wa nyaya hauwezi kuzichanganya. Mwingine atakumbusha kwamba taa hii ina swichi yake pia, kwa hiyo mlango si bwana wake pekee. Ni kweli, ila swichi huipa tu njia nyingine ya kufika kwenye bodi. Kinachoitofautisha na taa nyingine ni mlango. Pingamizi gumu ni la taa zilizopachikwa kwenye mlango wenyewe, kama katika baadhi ya magari ya kifahari. Hizo ziitwe taa za mlangoni. Tofauti ni silabi moja, na mwenye haraka ataimeza, kwa hiyo katika kitabu cha mafunzo ningeandika kwanza "taa iwashwayo na mlango", kisha nikafupisha.