Snow White: Ngano ya Umma, Jasho la Wachoraji na Mali ya Kampuni

Tarehe 21 Desemba 1937, katika ukumbi wa sinema wa Carthay Circle mjini Los Angeles, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs. Hadi siku hiyo, nchini Marekani katuni ilihesabiwa kuwa kichangamsho cha dakika chache kilichotangulia filamu yenyewe. Walt Disney aliwaletea watazamaji katuni ya dakika 83, yenye nyimbo, vichekesho, vitisho na kilio. Wakati wa matayarisho yake wapo waliomcheka katika tasnia ya filamu, wakiamini kwamba hakuna mtu mzima atakayevumilia kutazama michoro kwa muda mrefu kiasi hicho. Usiku ule watu wazima walilia mbele ya jeneza la msichana wa kuchorwa, kisha wakasimama na kupiga makofi.

Aghalabu urithi wa filamu hii husimuliwa kwa lugha ya ufundi na ya mapato. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha pembeni maswali mawili ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuyauliza. Swali la kwanza ni nani walioitengeneza, na walipata nini. Swali la pili ni ngano ilikuwa ya nani kabla ya filamu, na ikawa ya nani baadaye. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya urithi wa Snow White imo katika majibu ya maswali hayo.

Ngano kabla ya filamu

Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm walichapisha ngano hii mwaka 1812, katika juzuu ya kwanza ya mkusanyo wao wa hadithi za Kijerumani. Hawakuitunga. Waliipokea kutoka kwa wasimulizi, na miongoni mwa wasimulizi wao wengi walikuwa wanawake ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada la kitabu. Wala ngano yenyewe haikuwa na umbo moja lisilobadilika. Katika toleo la 1812, malkia mwenye wivu ni mama mzazi wa msichana. Katika toleo la 1819, ndugu wa Grimm walimgeuza kuwa mama wa kambo. Mbilikimo saba hawana majina. Malkia anajaribu kumuua msichana mara tatu: kwa kamba ya kubania nguo, kwa kitana chenye sumu, na mwisho kwa tofaa. Hakuna busu linalomwamsha. Katika toleo lililoenea zaidi, wabebaji wa jeneza wanajikwaa, na kipande cha tofaa kinamtoka kooni.

Hivyo ndivyo fasihi simulizi inavyoishi. Kila msimulizi huipokea hadithi, huipunguza hapa na kuiongeza pale, kisha huwaachia wengine. Disney naye alikuwa mmoja katika msururu huo. Akiwa kijana huko Kansas City aliitazama filamu bubu ya 1916 iliyotokana na ngano hiyohiyo, na kumbukumbu yake haikumtoka. Alipoanza kuitayarisha filamu yake mwaka 1934, hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa yeyote kwa ajili ya ngano. Ilikuwa mali ya umma, naye aliitumia kihalali. Jambo hili tuliweke akilini, kwa maana tutalirudia.

Mikono iliyochora

Bajeti ya mwanzo ilikisiwa kuwa dola 250,000. Mwishowe gharama zilifikia takriban dola milioni 1.5, na studio ilinusurika kwa mikopo ya Bank of America. Fedha hizo zilikwenda kwenye kazi ya mamia ya watu. Walikuwapo waliobuni mandhari, waliotunga nyimbo, walioigiza sauti na waliochora miondoko kwa penseli. Ili miondoko ya msichana ifanane na ya binadamu, mcheza dansi kijana, Marjorie Belcher, alipigwa picha akitembea, akigeuka na kucheza, na wachoraji wakazitumia picha zake kuwa kielelezo. Mafundi waliiboresha kamera iliyopiga picha kupitia tabaka za vioo vilivyochorwa, zikiwa zimepangwa kwa umbali tofauti, hata msitu wa karatasi ukaonekana una kina.

Ilikuwapo pia idara ya wino na rangi, iliyojaa wanawake. Kila mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino juu ya bamba angavu la seluloidi, kisha ukatiwa rangi upande wa nyuma. Kazi hiyo ilihitaji mkono usiotetemeka na jicho lisilochoka, na pasipo hiyo kusingekuwa na kitu cha kuonyesha ukumbini. Hata hivyo, mwaka 1938, filamu ikiwa bado inatengeneza faida, studio ilimjibu kwa barua mwanamke aliyeomba nafasi ya kujifunza uchoraji kwamba wanawake hawafanyi kazi ya ubunifu katika kutayarisha katuni, na kwamba kazi hiyo hufanywa na vijana wa kiume. Nafasi pekee aliyoweza kuitumaini ilikuwa katika idara ya wino na rangi.

Majina ya wanawake wa idara hiyo hayamo katika orodha ya watayarishaji inayoonekana mwanzoni mwa filamu. Halimo pia jina la Adriana Caselotti, ambaye sauti yake ndiyo sauti ya Snow White mwenyewe. Waigizaji wote wa sauti walifichwa, ili mtazamaji aamini kwamba wahusika wanasema wenyewe. Sababu ya kisanaa inaeleweka, lakini matokeo yake kwa mtu wa kazi ni kwamba dunia nzima iliijua sauti yake bila kumjua yeye.

Kutoka faida hadi mgomo

Katika maonyesho ya kwanza filamu iliingiza takriban dola milioni 8, kiasi kikubwa mno katika miaka ya mdororo wa uchumi, wakati tiketi ziliuzwa kwa senti na watoto walilipa pungufu. Mwaka 1939 Disney alipewa tuzo maalumu ya Oscar: sanamu moja ya kawaida na nyingine saba ndogo. Faida ilisaidia kujenga studio mpya ya kisasa huko Burbank, na mwaka 1940 kampuni ikaanza kuuza hisa kwa umma.

Mwaka huohuo mambo yaliharibika. Vita vya Ulaya vilifunga masoko ya nje, na filamu za Pinocchio na Fantasia zikashindwa kurudisha gharama zake. Wafanyakazi wakaanza kuhofia kupunguzwa kazini. Wengi wao walishikilia kwamba waliahidiwa bakshishi kutokana na mafanikio ya Snow White, wakafanya kazi za ziada kwa matumaini hayo, kisha wakaambulia kidogo au wasipate kitu. Tofauti ya mishahara baina ya wachoraji wakuu na wasaidizi ilikuwa kubwa, na hapakuwa na ngazi inayoeleweka ya kupanda cheo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 ilikuwa imewahakikishia wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri. Ndani ya studio kilikuwapo chama kilichoelekea upande wa mwajiri. Art Babbitt, mchoraji mkuu aliyemhuisha malkia mwovu wa Snow White, alikuwa amekiongoza chama hicho. Alipobaini kwamba hakina meno, alijiunga na chama huru cha wachoraji katuni. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliolipwa vizuri kuliko wengi. Angeweza kunyamaza na kula chake. Mwezi Mei 1941 alifukuzwa kazi, na mwishoni mwa mwezi huo mamia ya wenzake waliweka chini penseli na kusimama langoni wakiwa na mabango waliyoyachora kwa ufundi uleule walioutumia studioni.

Mgomo uliendelea kwa majuma kadhaa. Wasuluhishi wa serikali ya shirikisho waliingilia kati. Mwezi Agosti Disney alisafiri kwenda Amerika ya Kusini katika ziara ya ujirani mwema iliyoungwa mkono na serikali, na mgogoro ukamalizwa yeye akiwa hayupo. Chama kilitambuliwa na mishahara ikapangwa upya. Baadhi ya waliogoma waliondoka, na wachache wao wakaanzisha studio ya UPA, ambayo mtindo wake wa michoro bapa na mistari michache uliibadili katuni ya Marekani katika miaka ya 1950. Disney hakusahau. Mwezi Oktoba 1947, mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, alidai kwamba mgomo ule ulikuwa kazi ya wakomunisti, na akataja majina ya watu.

Tusimfanye Disney kuwa malkia mwovu wa hadithi hii. Mwaka 1928 yeye mwenyewe aligundua kwamba sungura Oswald, mhusika aliyembuni na wenzake, alikuwa mali ya kampuni ya Universal kwa mujibu wa mkataba. Alinyang'anywa mhusika, na wengi wa wachoraji wake wakahamia upande wa pili. Tangu siku hiyo alihakikisha kwamba kila kitoto kinachozaliwa studioni mwake kina jina lake. Maumivu ya kunyang'anywa yalimfundisha thamani ya kumiliki. Hayakumfundisha kwamba mchoraji aliye chini yake anaweza kuyasikia maumivu yaleyale.

Uzio kuzunguka ngano

Sasa turejee kwenye mali ya umma. Kwa sheria ya Marekani iliyokuwapo kabla ya 1998, hakimiliki ya filamu ya 1937 ingekoma mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliongeza miaka 20, na kampuni ya Disney ilikuwa miongoni mwa zilizoshawishi kupitishwa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo filamu ya Snow White itaingia katika mali ya umma huko Marekani tarehe 1 Januari 2033, miaka 95 baada ya mwaka uliotoka.

Ni vema tuwe waangalifu hapa. Ngano ya Grimm haikufungiwa. Mtu yeyote anaweza kuisimulia, na mwaka 2012 pekee Hollywood ilitoa filamu mbili kubwa zilizotokana nayo. Kilichozungushiwa uzio ni sura: majina ya wale mbilikimo saba, nyimbo, lile vazi la buluu na manjano. Lakini kwa mabilioni ya watu sura hiyo ndiyo ngano yenyewe. Filamu mpya ilipotolewa mwezi Machi 2025, mjadala mkali ulihusu rangi ya ngozi ya mwigizaji na namna ya kuwaonyesha mbilikimo. Ni mijadala halali. Hata hivyo, ni wachache waliouliza kwa nini ngano iliyobadilika kwa karne nyingi vinywani mwa wasimulizi sasa ibadilishwe kwa idhini ya bodi ya wakurugenzi.

Swali hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Kampuni hiyohiyo ilisajili maneno “hakuna matata” kuwa alama ya biashara nchini Marekani, kwa ajili ya mavazi, usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini waraka wa kupinga. Kisheria, alama hiyo haimzuii yeyote kuyatamka maneno yake. Inachoonyesha ni kwamba anayefika mapema kwenye ofisi ya usajili hupata kisichopatikana kwa aliyeilea lugha.

Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kiutamaduni, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ina vifungu kuhusu sanaa za jadi. Sheria bila kumbukumbu ni gari lisilo na mafuta. Mtumishi wa umma ataitetea vipi ngano ambayo haikuandikwa ilikosimuliwa, lini na na nani? Mwanafunzi anayekwenda kijijini kukusanya ngano kwa ajili ya tasnifu aandike jina la bibi aliyemsimulia, ikiwa bibi mwenyewe ameridhia, na amrejeshee nakala. Mwanaharakati anayetetea wasanii aanze na mkataba wa kijana anayechora katuni leo Dar es Salaam au Nairobi: jina lake litaonekana wapi, na kazi ikiuzwa tena atapata nini? Maswali hayo ndiyo waliyoyauliza wachoraji wa Burbank mwaka 1941. Waliyapatia majibu kwa sababu walisimama pamoja, akiwamo mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kimya.