Maji Yaliyopita Chini ya Daraja



Waingereza wana usemi juu ya jambo la zamani lisilofaa kugombewa tena. Husema kwamba hayo ni maji yaliyokwisha pita chini ya daraja. Simama juu ya Mto Ngono uyatazame: yanakwenda Kagera, kisha ziwani, wala hayarudi. Sisi nasi tunayo methali, Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa. Kuganga ni kutibu. Maneno mazuri yote mawili. Lakini huyasema nani, na wakati gani? Tutazame habari za nyarubanja, katika nchi ya Bukoba na Muleba.

Nyarubanja ilikuwa milki kubwa ya mashamba ya migomba, ambayo Mukama, yaani mtawala wa nchi, alimpa ndugu yake au mtu aliyempendeza. Aliyepewa aliitwa mtwazi. Waliokaa ndani yake walikuwa watwarwa, nao walimpa mtwazi nguo za magome ya miti, pombe ya ndizi, na kazi ya mikono yao. Wajerumani walifika Bukoba mwaka 1890, wakatawala kwa kuwategemea Wakama, na nyarubanja zikaongezeka. Watu waliorithi vibanja kwa baba zao wakajikuta wana bwana juu yao. Fikiri hapo kidogo, ndugu yangu. Kibanjani mwa Mhaya ndimo alimozikwa babu yake. Sasa mtu akulipishe kwa kukaa karibu na kaburi la babu yako! Kahawa ilipoleta fedha, malipo nayo yakawa ya fedha, yakaendelea wakati wa Mwingereza.

Basi mtwazi angekuambia miaka ile, "Mwenzangu, yaliyopita yamepita," ungemjibu nini? Kwake yamepita. Kwako wewe yanarudi kila mwaka, siku ya kulipa. Maji hayo hayajafika hata darajani.

Mwaka 1963 mamlaka ya watawala wa jadi yaliondolewa kwa sheria. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata nyingine iliyohusu upangaji wa ardhi wa kimila kwa mapana zaidi. Mtwarwa akawa mwenye kibanja chake. Tusimsahau mtwazi pia: kwake yeye haki ile ilikuwa urithi wa baba, na huenda hakumnyang'anya mtu kitu kwa mkono wake. Tena watu hawa hawakuhama. Walibaki majirani, wakichota maji kisima kimoja na kuzikana.

Mkikutana katika kikundi chenu, jadilianeni hili: baada ya mwaka 1965, wawili hao walipokutana njiani, ni nani aliyepaswa kuanza kumwamkia mwenzake?