Chuo Kiko Mbali: Wanafunzi wa Kiyahudi na Watu wa Ziwa Mweru

Utangulizi

Mada niliyochagua inahusu maisha ya wanafunzi wa Kiyahudi na namna jumuiya yao ilivyowalea walipokuwa masomoni. Mwenzangu mmoja darasani aliuliza mada hiyo ina uhusiano gani na Nchelenge, wilaya ninakotoka, ambako hakuna sinagogi na sijawahi kusikia kwamba liliwahi kuwapo. Swali lake ni la haki, na insha hii ni jibu langu. Hoja yangu ni kwamba tukitaka kuelewa jinsi jumuiya ndogo inavyodumu au inavyotoweka, tusiangalie tu mahali palipo na chuo kikuu. Tuangalie pia mahali ambapo chuo hakipo, ambako kila kijana anayetaka kusoma lazima aondoke. Ziwa Mweru lilikuwa mahali pa namna hiyo kwa Wayahudi wachache waliofanya biashara upande wa Kongo, na ni mahali pa namna hiyo kwetu hadi leo.

Nitaanza na ziwa lenyewe, kisha Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, kisha Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya hapo nitalinganisha na Waabayudaya wa Uganda, ambao historia yao ilifuata njia tofauti.

Samaki, Rhodes na ziwa

Anayesimama Kashikishi akitazama magharibi anaitazama Kongo. Ng'ambo ya maji kuna mji wa Kilwa, na kusini zaidi, kando ya mto Luapula, kuna Kashobwe na Kasenga. Watu wa pande zote mbili ni ndugu. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lakini ndoa, misiba na biashara ya samaki viliendelea kuvuka maji. Kiswahili nacho kilivuka: kwanza na misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19, baadaye na Kiswahili cha migodi ya Katanga, na katika miaka yetu na wakimbizi wa Kongo waliopokewa Mantapala tangu mwaka 2018.

Migodi ya Katanga ilipokua ilihitaji chakula cha wafanyakazi, na samaki wa Mweru na Luapula wakawa jibu. Kasenga ikawa kituo cha wafanyabiashara wa kigeni walionunua samaki na kuwapeleka Elisabethville kwa malori. Wengi wao walikuwa Wagiriki, na wengi walitoka visiwa vya Dodekanisi, ambavyo kikubwa chake ni Rhodes. Italia iliitawala Rhodes tangu 1912. Kisiwani humo waliishi pia Wayahudi wa Kisefaradi, uzao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, nao walikuwa bado wanazungumza Kihispania chao cha kale nyumbani. Umaskini uliwatoa vijana wao kisiwani kwenda kutafuta maisha, na wengi walikwenda Kongo na Rhodesia.

Mmoja wa waliofika eneo la ziwa letu ni Nissim Soriano, aliyeondoka wakati Italia ilipopitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi mwaka 1938. Alifanya biashara ya samaki upande wa Kongo, na akazaa na mwanamke mwenye nasaba ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda ambaye kiti chake kiko Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge. Mtoto wao aliyezaliwa mwaka 1964 anajulikana na kila mpenda mpira wa Afrika: ni Moïse Katumbi, mwenyekiti wa TP Mazembe na gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015.

Katika habari hii kuna jambo ambalo naona halijazingatiwa vya kutosha. Kwa sheria ya jadi ya Kiyahudi, mtoto ni Myahudi ikiwa mama yake ni Myahudi. Kwa mila ya watu wengi wa Luapula, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mila hizi mbili zilikutana ufukoni bila kujuana na zikatoa hukumu moja: mtoto wa mfanyabiashara Myahudi na mama wa Luapula alikuwa wa upande wa mama. Kwa hiyo hapakuwa na njia rahisi ya jumuiya ya Kiyahudi kukua kando ya ziwa. Wafanyabiashara walikuwapo na watoto walikuwapo, lakini watoto hao hawakuhesabiwa kuwa wa sinagogi. Dola, kwa upande wake, ina hesabu yake. Mwaka 2023 bunge la Kongo lilipelekewa pendekezo la kuzuia urais kwa mtu ambaye wazazi wake wote wawili si Wakongo, na watu wengi waliona kwamba aliyelengwa ni Katumbi. Mtu ambaye ukoo wa mama haukumtilia shaka alitiliwa shaka na wanasiasa kwa sababu ya baba.

Elisabethville: rabi kijana kutoka chuo kilichofungwa

Jumuiya kamili ilijengwa mjini. Wayahudi wa Elisabethville walikuwa na ushirika wao tangu mwaka 1911, na sinagogi lao lililojengwa karibu na mwaka 1930 bado linasimama Lubumbashi. Mwaka 1937 walimpata rabi wao, Moïse Levy, kijana wa Rhodes aliyesomea chuo cha marabi cha kisiwa hicho. Chuo hicho kilifunguliwa miaka ya 1920 na kilipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Bahari ya Kati. Mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya Levy kufika Kongo, kilifungwa kwa sheria zilezile za Kiitalia. Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika ni kama 150.

Nawaomba wasomaji watafakari maana yake kwa wale waliokuwa Katanga. Kijana anayeondoka nyumbani huamini kwamba nyumbani patabaki. Kwa Wayahudi wa Rhodes mambo yalikuwa kinyume: kisiwa kilitoweka, na waliobaki na sala zake, nyimbo zake na mapishi yake ni wale walioondoka. Tangu hapo Levy hakuwa tena rabi wa tawi la mbali. Alikuwa mmoja wa wahitimu wachache wa chuo ambacho hakikuwapo tena, akifundisha watoto wa mji usiokuwapo tena. Alihudumu Kongo kwa zaidi ya miaka 50.

Hata hivyo, tatizo la elimu ya juu lilibaki. Chuo kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kabla yake, familia iliyotaka mtoto awe daktari au wakili ilimpeleka Ulaya, hasa Ubelgiji. Kisha zikaja ghasia za 1960 na kujitenga kwa Katanga, na wazazi wakawafuata watoto. Leo uzao wa Wayahudi wa Katanga ni rahisi zaidi kuupata Brussels kuliko Lubumbashi.

Rhodesia ya Kaskazini: Ndola hadi Cape Town

Upande wetu wa mpaka, Wayahudi wengi walitoka Lithuania. Ndugu wawili, Elie na Harry Susman, walivuka Zambezi mwaka 1901 kununua ng'ombe Barotseland, na wengine wakafuata reli hadi Livingstone, Broken Hill, Lusaka na Copperbelt. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliongezeka wakimbizi kutoka Ujerumani, ingawa mpango mkubwa wa kuwapa Wayahudi makazi nchini ulijadiliwa na kuachwa. Katika miaka ya 1950 jumuiya ilizidi kidogo watu 1,000, ikiwa na masinagogi katika miji kadhaa.

Chuo kikuu hakikuwapo. Vijana walikwenda Cape Town na Johannesburg, na mmoja wao alirudi na jambo ambalo wazazi wengi hawakulitarajia. Simon Zukas alizaliwa Lithuania mwaka 1925 na kufika Ndola mwaka 1938. Baada ya kutumika jeshini wakati wa vita, alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Cape Town, na huko akaingia katika siasa za mrengo wa kushoto. Aliporudi Ndola alijiunga na Waafrika waliopinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilimkamata, ikamfunga, kisha ikamfukuza nchini hadi Uingereza. Alirudi mwaka 1964, mwaka wa uhuru, akawa waziri katika miaka ya 1990, na akajiuzulu mwaka 1996 kupinga mabadiliko ya katiba yaliyomzuia Kenneth Kaunda kugombea urais kwa sababu ya asili ya wazazi wake. Alifariki Lusaka mwaka 2021.

Mtu aliyesimamia Shirikisho hilo kama waziri mkuu kuanzia 1956, Roy Welensky, naye alikuwa mtoto wa Myahudi wa Lithuania. Tukiwaweka Zukas na Welensky pamoja tunaona kwamba asili haiamui upande wa mtu. Welensky aliacha shule mapema, akawa dereva wa treni na kiongozi wa chama cha wafanyakazi Wazungu. Zukas alipata miaka ya chuo, marafiki wa chuo na mijadala ya chuo. Sisemi kwamba kila anayesoma huwa mpenda haki. Ninasema kwamba kwa Zukas chuo ndipo alipokutana na mawazo ambayo mji wa Wazungu wa Ndola haukuwa nayo.

Chuo Kikuu cha Zambia kilipofunguliwa mwaka 1966 kikiwa na wanafunzi 312, kilijengwa kwa michango ya wananchi pia: sarafu, mahindi, hata kuku. Lakini wakati huo Wayahudi wengi walikuwa tayari wanaondoka. Chuo kilifika nyumbani jumuiya ilipokuwa njiani. Leo waliobaki nchini ni makumi machache tu.

Mbale: vijana waliorudi

Ili tusidhani kwamba njia ni hiyo moja, tutazame Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyechoshwa na ahadi za Waingereza, aliisoma Biblia akaamua kushika sheria ya Musa pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale. Ndio Waabayudaya. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mia chache tu. Walioinua jumuiya katika miaka ya 1980 walikuwa vijana. Walikaa pamoja kilimani Nabugoye, wakalima pamoja, wakatunga nyimbo za sala kwa Kiganda na kujenga upya sinagogi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akahitimu mwaka 2008, akarudi Mbale. Shule zao, ya msingi na ya sekondari, hupokea Wayahudi, Waislamu na Wakristo.

Marekani tatizo la mwanafunzi aliye mbali na nyumbani lilipata jibu mwaka 1923, Rabi Benjamin Frankel alipoanzisha Hillel katika Chuo Kikuu cha Illinois: nyumba moja chuoni ambako mwanafunzi anapata sala, mlo wa Ijumaa jioni na mtu wa kuzungumza naye. Wazo hilo limeenea katika mamia ya vyuo. Waabayudaya hawakuwa na fedha za Marekani, lakini walishika kanuni ileile kwa namna nyingine: waliweka mahali ambapo anayesoma anaweza kurudi akatumika.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii naona mambo matatu. Kwanza, elimu ya juu yenyewe haikuua jumuiya za Katanga na Zambia. Siasa na ubaguzi wa enzi zile vilichangia sana, kwani maisha ya Wayahudi wengi yalifungwa na utawala wa Wazungu, na utawala huo ulipoisha wengi hawakuona nafasi yao. Pili, jumuiya inayowapeleka watoto wake mbali bila kuwaandalia kazi ya kurudia inakuwa inawaaga. Tatu, anayerudi mara nyingi harudi kama alivyoondoka, na jumuiya inapaswa kuwa tayari kumpokea na maswali yake. Zukas hakupokewa kwa shangwe na Wazungu wa Ndola, lakini nchi ilimhitaji.

Hayo yanatuhusu. Wengi wetu kutoka Nchelenge tulifika chuoni kwa fedha za chisense aliyekaushwa na mama zetu. Miongoni mwetu kuna wenzetu waliokulia Mantapala, ambao likizo ikifika hawana kijiji cha kurudi wala nauli ya kwendea. Chama chetu cha Kiswahili hukutana kwa mashindano ya ushairi na midahalo, na ni jambo jema. Napendekeza tuongeze kitu kidogo: sufuria moja ya chakula kila Ijumaa wakati wa likizo kwa wanaobaki bwenini, na safari moja kwa mwaka ya wanafunzi kwenda kufundisha Kiswahili katika shule za ufukoni, upande huu na, mipaka ikiruhusu, upande wa pili. Gharama yake si kubwa. Kama ziwa litawapata tena watoto wake au la ni jambo linaloanza na sisi tulio hapa, kabla hatujamaliza mwaka wa nne na kutafuta kazi Lusaka.