Vyakula vya nyumbani ambavyo jiji haliwezi kuvipika

KATIKA masoko ya Nairobi, kuanzia lile la Wakulima almaarufu Marikiti hadi Gikomba na Muthurwa, mnunuzi mwenye pesa hupata karibu kila zao linalokuzwa nchini Kenya. Nazi za Kilifi zimo, omena wa Ziwa Victoria wamo na nduma za Mlima Kenya zimo. Hata hivyo, wakazi wengi wa jiji hilo waliozaliwa kwingineko watataja pasipo kusita chakula ambacho hawajakionja ipasavyo tangu walipopanda basi kuja kutafuta riziki.

Neno "ipasavyo" ndilo lenye uzito hapa. Aghalabu kinachokosekana si zao lenyewe. Kinachokosekana ni chungu, kuni, muda na mkono wa mtu anayejua.

Chukua mfano wa mboga za kienyeji. Mgagani, ambao Wakisii huuita chinsaga na Waluo huuita dek au akeyo, huuzwa kwa mafungu katika kila mtaa wa jiji, sawa na mnavu, kunde na mrenda. Lakini katika maboma ya Nyanza na Magharibi mboga hizo hazipikwi kwa dakika kumi. Mgagani huchemshwa polepole kwenye chungu cha udongo, ukatiwa maziwa, ukaachwa ulale, ukapashwa moto siku ya pili na hata ya tatu huku ukizidi kuongezwa maziwa au samli. Kila unapopashwa, uchungu hupungua na utamu huongezeka. Mpangaji wa chumba kimoja anayepikia gesi ya mtungi mdogo hana chungu, hana jiko la kuni na hana siku tatu za kusubiri. Hukaanga mboga kwa vitunguu na nyanya kama sukumawiki, kisha akalalamika kuwa mboga za mjini ni chungu.

Kwa Waluhya kuna jambo jingine. Mrenda na majani ya kunde hupikwa kwa maji ya jivu yaitwayo musherekha. Maganda makavu ya maharagwe au magunzi ya mahindi huchomwa, jivu likatiwa kwenye chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu na kuchujika tone kwa tone. Maji hayo hulainisha mboga na kuipa ladha ambayo mtu aliyeizoea huitambua kwa tonge la kwanza. Mjini watu hutumia magadi badala yake. Magadi hulainisha mboga, lakini ladha ile hayana.

Isitoshe, mmea wenyewe umebadilika. Mnavu unaouzwa mijini mara nyingi ni ule wa majani mapana, uliochaguliwa na kuboreshwa kwa sababu hutoa mavuno mengi na hauna uchungu mkali. Ule wa zamani wenye majani madogo, uliojiotea kandokando ya zizi na mashamba ya mahindi, haumfaidi sana mkulima anayeuza kwa kilo. Mtu mzima aliyelelewa kwa mnavu wa majani madogo hapotezi akili anaposema kuwa mboga ya siku hizi si ile. Kweli si ile.

Tui na urefu wa nchi

Kwa Mpwani, kiamshakinywa cha mahamri na mbaazi za nazi ni kitu cha kila siku. Mbaazi kavu hurowekwa usiku kucha, zikachemshwa hadi ziive kabisa, ndipo hutiwa tui jepesi, na mwishoni tui zito likaachwa litokote kidogo tu. Nazi yapasa kukunwa kwa mbuzi asubuhi ileile na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui la zamu ya kwanza ndilo zito, nalo la zamu ya pili na ya tatu hutumiwa kupikia.

Jijini Nairobi mpishi hukabiliwa na vikwazo viwili. Nazi zinazofika huko zimekaa siku kadhaa safarini na sokoni, hivyo wengi hukimbilia tui la pakiti au la unga, ambalo halitoi harufu ileile. Pili, na hili ni wachache wanaolifikiria, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye joto lisilofika nyuzi 95 za selsiasi, ilhali Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100 hivi. Nafaka za jamii ya kunde zinazoiva Mombasa kwa muda fulani huhitaji muda mrefu zaidi Nairobi, pamoja na makaa au gesi ya ziada. Mama anayesema kuwa mbaazi za Nairobi ni ngumu huilaumu mbaazi kwa kosa la mlima.

Kuna vya Pwani ambavyo hata kuigwa haviigiki. Mkate wa mofa wa Lamu, uliotengenezwa kwa unga wa mtama na kubandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo, hauwezi kupatikana pasipo tanuri lenyewe. Mtsunga, mboga chungu inayopendwa na Wamijikenda ambayo kwa Kiswahili sanifu ni mchunga, huota yenyewe mashambani na haina mkulima wa kuipakia kwenye lori. Nao tembo la mnazi halijui kusubiri. Lililogemwa alfajiri huwa tamu asubuhi, kali jioni, na baada ya siku mbili tatu ni siki. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mnamo 2017 imefupisha safari hadi saa tano hivi, na wengi hurejea na samaki na mahamri katika vikapu, ila kwa tembo hata saa tano ni nyingi.

Kibuyu hakiuzwi dukani

Mursik ya Wakalenjin ni maarufu hata kwa wasioinywa, kwani ndiyo wanariadha hulakiwa nayo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta warudipo na medali. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa kwenye kibuyu kiitwacho sotet ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa makaa ya mti maalum, hasa senetwet. Makaa hayo huyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Kibuyu hufungwa na kuachwa siku kadhaa, wakati mwingine majuma.

Maduka makubwa siku hizi huuza mursik kwenye chupa za plastiki. Ina makaa na imeganda vizuri, lakini wazee wa Kericho na Bomet huiona kuwa maziwa lala yaliyotiwa masizi. Hoja yao ina msingi. Kibuyu ni kitu hai chenye vijidudu vinavyogandisha maziwa, vilivyojificha katika kuta zake tangu ugandishaji uliotangulia, na kila boma lina kibuyu chake na ladha yake. Plastiki haina kumbukumbu ya namna hiyo.

Si haki kuificha habari ya pili kuhusu kinywaji hiki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulipata kiwango kikubwa cha asetaldehidi, kemikali inayoweza kusababisha saratani, katika sampuli za mursik, na watafiti wakashuku kuwa huenda inachangia saratani ya umio ambayo ni nyingi katika eneo la kusini mwa Bonde la Ufa. Kutamani chakula cha nyumbani hakukifanyi kuwa salama, ingawa kwa wapenzi wa mursik onyo hilo halijapunguza hamu.

Jamii za wafugaji wa kaskazini zimefaulu zaidi kuhamisha chakula chao. Nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake, iliumbwa kwa ajili ya safari tangu mwanzo, na hupatikana Eastleigh pasipo shida. Maziwa ya ngamia kutoka Isiolo hupakiwa na vikundi vya akina mama kwenye mabasi yaendayo mtaa huohuo. Siri ni kuwapo kwa wanunuzi wengi wa jamii moja mahali pamoja. Mteso aliyepanga Embakasi au Mtaita aliyepanga Kasarani hana soko la namna hiyo, na hakuna mfanyabiashara atakayesafirisha bidhaa kwa ajili ya nyumba tatu.

Kumbikumbi ni wa msimu. Mvua za kwanza zinyeshapo, watu wa Kakamega, Vihiga na Bungoma hufunika vichuguu na kugonga vijiti juu yake ili wadudu hao wadhani ni mvua na kutoka. Huliwa wabichi papo hapo au hukaangwa bila mafuta, kwani wana mafuta yao, kisha mabawa hupepetwa. Wakavu husafiri vizuri na huletwa mijini katika makopo. Wabichi hufurahiwa na aliyekuwapo tu.

Ngege aliyetoweka kwao

Hayo yote yangekuwa malalamiko ya wahamiaji tu kama vyakula vyenyewe vingalikuwa salama vilikotoka. Kwa bahati mbaya, vingine havipatikani tena hata huko.

Ngege wa asili wa Ziwa Victoria, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus, ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi wa Kiluo mwanzoni mwa karne ya 20. Nyavu za kisasa zilimpunguza. Kisha katika miaka ya 1950 na mapema 1960 waliingizwa ziwani sangara, anayeitwa mbuta kwa Kiluo, na aina ngeni za ngege, wakiwemo ngege wa Nile. Kufikia miaka ya 1980 ngege wa asili alikuwa ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, pamoja na mamia ya aina za samaki wadogo wajulikanao kama fulu. Amebaki katika maziwa madogo ya kandokando, likiwemo Ziwa Kanyaboli katika kaunti ya Siaya. Samaki anayeagizwa leo kwa jina la ngege katika mikahawa ya Kisumu kwa kawaida ni yule mgeni wa Nile, na mara nyingine ni wa kufugwa aliyeletwa akiwa barafu kutoka Uchina. Walaji wengi hawajui, kwa kuwa waliomla ngege wa kwanza wengi wao wamekwisha kuzeeka.

Njahi za Wakikuyu, ambazo kwa Kiswahili ni fiwi, ziliponea chupuchupu. Zilikuwa chakula cha heshima, na hadi leo mama aliyejifungua hupikiwa njahi ili apate nguvu na maziwa. Mwanahistoria Claire Robertson, katika makala aliyoichapisha 1997, alieleza jinsi kilimo cha enzi ya ukoloni kilivyopendelea maharagwe ya kuuzwa, na njahi, zao la wanawake, zikasukumwa pembeni. Leo zimo sokoni, lakini bei yake kwa kawaida hushinda ya maharagwe.

Dharau nayo imefanya kazi yake. Kwa miongo mingi mboga za kienyeji, wimbi, mtama na muhogo vilihesabiwa kuwa vyakula vya maskini au vya miaka ya njaa. Mtoto aliyepeleka muthokoi shuleni alichekwa na wenzake wa mkate. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizo zina madini ya chuma, kalisi na vitamini kwa wingi kuliko kabichi iliyozichukulia nafasi.

Mnamo 2007 wanasayansi, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walianza pamoja na vikundi vya jamii kuorodhesha vyakula vya asili na maarifa ya kuvitayarisha. Mimea ipatayo 850 ilisajiliwa pamoja na majina yake ya kienyeji, na watoto wa shule miongoni mwa Waisukha na Wapokot wakatumwa kuwahoji wazee wao. Shirika la Unesco liliiingiza kazi hiyo mwaka wa 2021 katika sajili yake ya mifano bora ya kuhifadhi turathi.

Kwa Wakenya walio ng'ambo umbali huongezewa sheria. Uingereza na nchi za Muungano wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka Kenya kuingia na nyama au maziwa, hivyo aliya, nyama iliyoanikwa juani na Waluo, haivuki uwanja wa ndege, wala mursik. Unga mweupe wa ugali hupatikana katika maduka ya Waafrika. Walioko majimbo ya kusini mwa Marekani wana bahati ndogo, kwa sababu mboga ya jamii moja na sukumawiki huliwa huko na wenyeji tangu kale.

Mbegu ndizo zilizobaki kuwa kitovu cha suala hili. Mnavu wa majani madogo na njahi za rangi za zamani kwa kawaida haziuzwi katika pakiti za kampuni. Hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, zikahifadhiwa kwa jivu kwenye chupa au kibuyu na akina mama wanaoziuza kwa kijiko sokoni. Sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012 iliifanya biashara hiyo ya mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa lenye adhabu ya hadi kifungo cha miaka miwili au faini ya hadi Sh1 milioni. Wakulima 15 walifika mahakamani mwaka wa 2022 kuipinga, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba.