Tulicheza Vampaya, Koko Akatuambia Batumbula



Insha ya leo ilianza na ugomvi. Si ugomvi wa mpira, ni wa gemu. Kikundi chetu kina laptopu moja ya zamani, betri yake ilikufa kitambo, kwa hiyo umeme ukikatika na gemu limekatika. Mashine kama hiyo haiwezi kubeba gemu za leo. Inachoweza ni gemu za zamani, na mmoja wetu alikuja nalo moja kwenye flashi: Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Lilitoka tarehe 16 Novemba 2004. Wengine kati yetu tulikuwa hata hatujazaliwa.

Kwanza tuwaeleze historia ya gemu lenyewe, maana nayo ni ya kusikitisha. Lilitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani, Troika Games. Siku lilipotoka ndiyo siku ileile lilipotoka Half-Life 2, gemu lililokuwa likisubiriwa na dunia nzima. Fikiria unafungua kibanda cha mandazi siku ambayo jirani anagawa pilau. Isitoshe, lilitoka likiwa na kasoro nyingi: linakwama, linajifunga, na mwisho wake unaonekana ulifanywa haraka haraka. Februari 2005 Troika ikafunga milango. Lakini gemu halikufa. Mashabiki waliendelea kulirekebisha wenyewe, bure, mwaka baada ya mwaka, na hadi leo wachezaji wengi duniani wanalitaja kati ya magemu bora ya aina yake, kwa sababu ya maneno yake. Kila mtu unayekutana naye mle ndani ana namna yake ya kusema.

Hadithi iko hivi. Wewe ni mtu wa kawaida mjini Los Angeles. Usiku mmoja unageuzwa vampaya, yaani mnyonya damu, na kuanzia hapo damu ya watu ndiyo chakula chako. Unachagua ukoo kati ya koo saba. Kuna sheria kubwa moja: binadamu wasijue kwamba ninyi mpo. Ukionekana unanyonya hadharani, unahesabiwa kosa. Makosa matano, gemu limekwisha. Na ukimnyonya mtu asiye na hatia mpaka akafa, ubinadamu wako unapungua, kwenye hesabu kabisa, unauona ukishuka.

Sasa maoni yetu. Dada mmoja wa kikundi alisema hajawahi kuona gemu linalokuuliza kama bado wewe ni mtu. Mwingine akasema hapana, ni gemu la kumfundisha kijana kufurahia kuua. Kijana mmoja alichagua ukoo wa Nosferatu, wale wenye sura ya kutisha ambao hawaruhusiwi kuonekana na watu, kwa hiyo wanapita kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji. Tulimcheka. Akatujibu: "Mimi nilipofika mji wa watu bila karatasi, si nilikuwa napita hivihivi? Njia za nyuma, usiku, kichwa chini." Hatukucheka tena.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Heather. Huyu ni msichana unayemkuta kliniki, amelala, anakufa. Unaweza kumpa damu yako kidogo akapona. Ukimpa, anapona kweli, lakini anakuwa mtu wako. Anaacha masomo, anakufuata, anakupa pesa zake, anakuita bwana wake. Nusu yetu tulisema: umemwokoa, ungefanyaje? Nusu nyingine: huo si wokovu, umemnunua. Ukimweka kwako mpaka mwisho anauawa. Anayeishi ni yule uliyemwambia aende zake. Tulibishana mpaka umeme ukakatika.

Ndipo Koko akauliza. Koko ni bibi wa mmoja wetu, anakaa chumba cha pili, na kelele zetu zilikuwa zimemtoa. "Banangu, njo nini ile munafanyaka? Juu ya nini munakunywa damu ya batu?" Tukamweleza: Koko, ni mchezo tu, sisi ni vampaya. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Aaa. Ile njo batumbula. Lakini sisi hatukukuwaka batumbula. Sisi tulikuwaka bale banakamatiwa."

Yaani: sisi hatukuwa wanyonyaji, tulikuwa wale wanaokamatwa. Baada ya hapo tulitafuta, tukasoma, tukauliza wazee wengine. Haya ndiyo tuliyopata.

Eneo letu lote, kutoka pwani mpaka Kongo, lilikuwa na wanyonya damu wake kabla hata kompyuta haijajulikana. Na karibu kila mahali walikuwa na jina lao. Pwani waliitwa mumiani. Neno hili asili yake ni Uajemi, ambako mumia ilikuwa dawa nyeusi kama lami, ya kutibu mifupa iliyovunjika na maumivu. Ilikuwa ikiuzwa kwenye maduka ya pwani. Watu wakaanza kuamini kwamba ile dawa ni damu ya mtu iliyokaushwa. Jambo hili lilijulikana sana hata likaingia kwenye kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyoandaliwa na Frederick Johnson, ya mwaka 1939. Humo imeandikwa kwamba uvumi wa mumiani ukianza mjini, watu wanaogopa kutoka nje jua likizama.

Nairobi na Kampala jina lilikuwa wazimamoto. Ndiyo, wale wale wa kuzima moto. Watu waliona kituo kikubwa, gari jekundu, wanaume wenye sare, malango yaliyofungwa, na moto wenyewe ni wa nadra. Wakajiuliza: hawa mchana kutwa wanafanya nini? Ndoo zile ni za nini? Jibu likawa: usiku wanakamata watu, wanawatoa damu, damu inakuwa dawa ya Wazungu. Huku kwenye migodi ya shaba ya Katanga, na sehemu nyingine za Kongo ya Wabelgiji, wakawa batumbula: Waafrika waliosemekana kutumwa na Wazungu kukamata wenzao usiku. Na kumbuka, kwenye miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliandika wafanyakazi hata kutoka Rwanda na Burundi, waende kuchimba huko Katanga. Wapo waliorudi, wapo ambao hawakurudi. Ukiwa mama umekaa kijijini, mwanao amechukuliwa na lori na hujasikia habari zake miaka mitatu, utasema ameliwa na nini?

Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliwauliza wazee wa Kenya na Uganda habari hizi, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu yake. Hakuuliza kama wanyonya damu walikuwepo. Aliuliza: watu walipokuwa wanasimulia hivi, walikuwa wanasema nini? Swali hilo lilitufungua macho. Maana angalia mambo yaliyokuwa yanafanyika kweli. Kwenye Kongo ya Wabelgiji, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, vijiji vilipangwa foleni, watu wakapapaswa shingo kutafuta tezi, wakatolewa damu, wengine wakachomwa sindano kwenye uti wa mgongo. Wengi walipona kwa ajili hiyo, tusiseme uongo. Lakini hakuna aliyewaomba ruhusa wala kuwaeleza. Kabla ya hapo, enzi za Leopold, 1885 mpaka 1908, mpira ulitolewa msituni kwa bunduki na kwa mikono iliyokatwa. Mtu aliyesema "wananyonya damu yetu" hakuwa mjinga. Kitu kilikuwa kinachukuliwa mwilini mwake, naye hakuwa na gazeti wala mahakama ya kukisemea. Alikuwa na hadithi tu.

Hapa ndipo gemu na historia yetu vinapoachana. Kwenye gemu, kujificha ni sheria ya wakubwa: mnyonyaji anaishi vizuri kwa sababu anayenyonywa hajui. Kwenye hadithi za Koko, anayenyonywa ndiye anayesimulia. Anajua kwamba nyuma ya lile lango kuna kitu. Hajui jina lake la kweli, lakini anajua.

Sasa subirini, msiondoke na nusu ya insha. Kama tungeishia hapo ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kweli yote. Hadithi ileile iliyokuwa ushahidi, imeua watu pia. Na mara nyingi haikumuua mwenye lango. Ilimuua mpita njia.

Kwanza, uvumi unazaa biashara. Mwaka 1958 mjini Kampala, mtu mmoja alikamatwa kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwenye kituo cha zimamoto. Aliamini kabisa kwamba wananunua. Akafungwa miaka 3. Halafu unazaa fimbo. Oktoba 2017, kusini mwa Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, watu waliodhaniwa ni wanyonya damu walipigwa na umati, kadhaa wakafa, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake huko kwa muda.

Na kwetu? Tunaijua Ebola. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 Kongo Mashariki. Ilipofika Goma, Julai 2019, sisi wote tulikuwa watoto au vijana wa shule, upande huu wa mpaka na upande ule. Tunakumbuka ndoo za maji yenye klorini, kile kidude cha kupima joto kinachoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Tunakumbuka pia maneno: eti ni biashara, eti wanachukua damu na viungo, eti ukiingia kule hutoki. Tarehe 19 Aprili 2019, Butembo, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na Shirika la Afya Duniani kupambana na ugonjwa huo, alipigwa risasi akiwa hospitalini, akafa.

Mmoja wetu ana habari ya karibu zaidi. Baba yake mdogo alipata kazi wakati ule ya kunawisha watu mikono kando ya barabara. Kazi ya ndoo na sabuni, si zaidi. Jioni moja kundi likamzunguka: wewe njo unauzishaka damu yetu! Wakamvua koti la kazi, wakaanza kutafuta matairi. Aliyemwokoa ni mama muuza makala aliyepiga kelele: "Huyu ni mutoto wa hapa, namujua mama yake!" Sentensi moja. Lakini jiulize, kama angekuwa mgeni? Kama angekuwa mkimbizi, mtu ambaye mama yake hajulikani na yeyote pale mtaani?

Hilo ndilo linalotuhusu sisi, jamani. Uvumi wa mnyonya damu unapoanza, hauanzii kwa mwenye nguvu. Unaanzia kwa yule ambaye hakuna wa kusema "namujua mama yake". Sisi ndio watu hao. Basi tukisikia uvumi na kuusambaza kwenye simu, hata kwa mzaha, tunachonga fimbo ambayo siku moja itatafuta mgongo, na mgongo wa mgeni ndio ulio karibu.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi kama kikundi. Uvumi tutausikiliza kama tunavyosikiliza mtu anayelia: analia nini, ameumizwa wapi, nani hakumweleza? Lakini uvumi hautakuwa hakimu wetu. Hautatuonyesha mtu wa kupiga.

Juu ya Heather, bado tumegawanyika. Ila wale waliosema "umemwokoa" sasa wanaongeza: ukishamwokoa, mwache aende shule. Sisi tunaoishi kwa msaada tunajua tofauti ya mkono unaokuinua na mkono unaokushika shati usiondoke.

Jumamosi iliyopita tulimweleza Koko jambo lingine. Hapa Rwanda, tangu Oktoba 2016, kuna vindege vidogo visivyo na rubani vinavyotoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, vinaidondosha kwa parashuti, na mama aliyejifungua vibaya anapona. Koko akatukazia macho. "Na ile damu, ni ya nani?" Ya watu, Koko. Wanajitolea. "Banabalipa ngapi?" Hawalipwi. Wanaulizwa kwanza, wakikubali wanatoa.

Alifikiri kwa muda mrefu. "Banaulizwa kwanza?" Ndiyo, Koko. "Basi," akasema, "ile haiko batumbula."

Wapendwa, muulizeni Koko wenu, au babu, kwao waliitwa nani: mumiani, wazimamoto, batumbula, au jina lingine? Na lango lililofungwa lilikuwa wapi? Mtuandikie, tutayakusanya. Wazee wanaondoka, na hadithi hizi hazina mashabiki wa kuzirekebisha bure mwaka baada ya mwaka. Wana sisi tu.