Nasaba Hutangazwa, Haifanywi Ufunguo: Jina la Mama na Milango ya Benki

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi. Mtoto wa madrasa wa miaka sita ukimuuliza mama yake Mtume (s.a.w.) ni nani, atakujibu bila kusita: Amina binti Wahb. Jina hilo limesomeshwa kwa zaidi ya miaka 1,400 na hakuna aliyelificha. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja, mabenki ya nchi za Magharibi yamelichukua jina la aina hiyohiyo, yaani jina la mama kabla hajaolewa, na kulifanya siri ya kumtambulisha mteja. Katika makala hii tutatazama siri hiyo ilianzia wapi, ilivunjika vipi, na sisi familia za Kiislamu inatuhusu nini.

Siri hii ilianzia wapi?

Katika mila za Waingereza na Wamarekani, mwanamke akiolewa huacha jina la ukoo wa baba yake na kuchukua la mumewe. Watoto nao huitwa kwa jina hilo la baba. Kwa hiyo jina la kwanza la ukoo wa mama hutoweka, wakalijua watu wa nyumbani tu.

Mwaka 1906, mtu wa benki wa mji wa Baltimore, William M. Hayes, alizungumza mbele ya mkutano wa chama cha mabenki cha Marekani. Alieleza kwamba benki yake ilipofungua akaunti iliandika mahali alipozaliwa mteja, makazi, kazi, umri na jina la mama kabla ya kuolewa. Alilisifu hilo la mwisho kuwa ni kipimo madhubuti, kwa kuwa ni nadra kujulikana nje ya familia. Wakati huo mteja alikwenda benki kwa miguu yake na karani akamwona uso. Swali lile lilikuwa nyongeza tu ya sahihi yake.

Hata hivyo siri hiyo ilikuwa na tundu tangu mwanzo. Serikali zilikwisha kuandika ndoa na vizazi katika madaftari yaliyo wazi kwa umma. Huko Uingereza, kuanzia robo ya tatu ya mwaka 1911, faharasa ya vizazi ilionyesha jina la ukoo wa mama mbele ya jina la kila mtoto. Ni miaka mitano tu baada ya hotuba ya Baltimore. Lililokuwa siri upande mmoja, upande wa pili lilikuwa limechapishwa.

Mwanamke wa Kiislamu na jina lake

Kwetu sisi jambo hili halikuwahi kuwa siri. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 5, tuwaite watu kwa baba zao, na amri hiyo haikumtoa mwanamke aliyeolewa. Khadija alibaki binti Khuwaylid, Aisha alibaki binti Abubakar, na Fatma (r.a.) hakuitwa kwa jina la Ali.

Tena wako waliojulikana kwa mama zao. Isa (a.s.) ni mwana wa Maryam. Sahaba kipofu aliyekuwa akiadhini anajulikana kwa jina la Ibn Umm Maktum. Mtoto wa Sayyidna Ali aliyezaliwa na Khawla wa Bani Hanifa historia imemwita Muhammad bin al-Hanafiyya. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 Hijria, aliwatengea wanawake sehemu nzima ya kitabu chake cha Tabaqat, akawataja kwa baba zao na mara nyingi kwa mama zao pia.

Na hii si bahati. Nasaba ndiyo inayobeba mirathi, umahramu na kuunga udugu. Nikahi ina mashahidi na tumehimizwa kuitangaza. Jambo lililowekwa litangazwe haliwezi wakati huohuo kuwa kufuli ya sanduku la fedha.

Yaliyotokea Texas

Mwaka 2005, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Indiana, Virgil Griffith na Markus Jakobsson, walitaka kujua kufuli hii ina nguvu kiasi gani. Hawakuiba chochote. Walichukua kumbukumbu za umma za jimbo la Texas, za vizazi na ndoa, wakaziunganisha kwa kompyuta. Mtoto ana jina fulani la ukoo. Basi tafuta wanaume wenye jina hilo waliooa katika miaka inayolingana na umri wake, kisha tazama walioa akina nani. Jina la ukoo likiwa adimu, hubaki bibi harusi mmoja tu, na siri imekwisha.

Kwa zaidi ya robo ya watu waliowachunguza, ugumu wa kulibahatisha jina hilo ulishuka sana, na kwa watu wengi lilipatikana kwa yakini. Kosa halikuwa la watu wa Texas kuandikisha ndoa zao. Kosa lilikuwa la aliyeichukua habari ya daftari la umma akaiita siri.

Uturuki nayo ilipata somo lake. Mwezi Aprili 2016 taarifa za raia wake karibu milioni 50 zilimwagwa kwenye intaneti: namba za kitambulisho, majina ya baba na mama, tarehe na mji wa kuzaliwa, na anwani. Neno la siri likivuja hubadilishwa jioni hiyohiyo. Jina la mama likivuja, utabadilisha mama?

Na maswali mengine?

Mabenki na kampuni za barua pepe ziliongeza maswali: mji uliozaliwa, chakula ukipendacho, mwalimu wako wa kwanza. Mwezi Septemba 2008 kijana mmoja aliingia katika barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa mgombea wa umakamu wa rais Marekani, kwa kujibu maswali ambayo majibu yake yalikuwa wazi kwa umma. Mwaka 2015 watafiti wa Google walieleza kwamba kwa watumiaji wanaozungumza Kiarabu, mtu akibahatisha mara kumi jina la mwalimu wa kwanza, anapata karibu mara 24 katika 100. Sababu yake kila mwanafunzi wetu anaijua: walimu wangapi wanaitwa Muhammad na Ahmad?

Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo unaokataza kuwaongoza watu kwa maswali ya namna hii wanapochagua neno la siri.

Sayyidna Umar alimtambuaje mtu?

Imepokewa kwamba mtu alitoa ushahidi mbele ya Umar bin al-Khattab (r.a.), naye akamwambia hamjui, alete anayemjua. Mmoja akajitokeza. Umar akamuuliza: ni jirani yako, unajua usiku na mchana wake? Umewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Alipojibu hapana katika yote, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Hakuuliza jina la mama yake. Kujua neno juu ya mtu si kumjua mtu.

Nasaha kwa familia

Kwanza, msiwafiche watoto nasaba yao kwa hofu ya wezi. Wafundisheni bibi zao ni binti za nani.

Pili, anayepiga simu akakutajia jina lako, la mama yako na mji wako, hajathibitisha kuwa anatoka benki. Hayo hutangazwa hata kwenye matangazo ya misiba. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba unayoijua.

Tatu, palipo na hiari, chagueni neno la siri lisilohusu ukoo. Ama fomu za serikali, hizo ni ushahidi, andikeni ukweli.

Nne, namba ya siri ya simu ya pesa ni amana, hapewi hata mpwa anayekusaidia kutuma.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu mama zetu walio hai na waliotangulia, na atuhifadhie mali zetu na heshima zetu. Amin.

Wallahu a'lam.